Njoo na Kitabu, Lakini Usisahau Sukari

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu. Ni yule mwalimu mpya, au muuguzi, au karani, aliyepangiwa kazi Oldonyiro, akashushwa na gari pamoja na vumbi lake, na jioni ya pili akasikia kwamba kuna watu hukutana chini ya mgunga kusoma vitabu. Moyo ukamruka. Alikuwa amejiandaa kwa upweke, kumbe kuna wenzake! Tayari ameshauona mkeka akilini, na watu wanane wapole, kila mmoja na nakala yake, wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya dhamira na wahusika. Ndugu yangu, keti kwanza. Kabla hujafunga kamba za viatu, soma haya. Sitataja kikundi chochote kwa jina, kwa sababu vikundi huzaliwa na kuhama, na nitakayokuambia yatakukuta katika chochote utakachoingia.

Oldonyiro ni wadi ya Isiolo Kaskazini, kule magharibi ambako kaunti ya Isiolo inapakana na Samburu na Laikipia. Ukitoka Isiolo mjini unapitia Kipsing, na njiani kuna laga ambazo hukaa kavu miezi mingi, kisha siku moja zikaamua kuwa mito. Wasamburu na Waturkana ndio wengi. Mali ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia, na punda wa kubebea maji. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu kwenye soko la mifugo na kwa chifu, kwa hiyo ndicho kinachowakutanisha kwenye kitabu pia. Zamani za mkoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya Northern Frontier District, makao makuu yake Isiolo tangu 1929, na sheria ilimtaka mgeni awe na kibali ndipo aingie. Kibali hakitakiwi tena. Utambulisho umebaki, na huo unachukua muda mrefu kuliko kibali.

Tuanze nao basi. Usifike ukasema "Habari zenu" kisha ukaketi na kufungua mkoba. Hiyo ni salamu ya mtu anayefukuzwa na polisi. Mzee wa Kisamburu utamwita apayia, mama mtu mzima utamwita yeyo, na Mturkana ukimpa ejoka atakurudishia ejok na kukutazama upya. Baada ya hapo zinakuja habari zenyewe: mvua imenyesha huko utokako? Nyasi? Njia ilikuwaje? Wazazi wako wazima? Ng'ombe wao? Usicheke ukasema wazazi wako wanakaa Umoja, Nairobi, nyumba ya kupanga, na hawana ng'ombe. Sema wako salama. Ukisema hawana ng'ombe utaonewa huruma kikao kizima, na huruma hiyo itakugharimu, maana mtu asiye na ng'ombe huchukuliwa kuwa ana nafasi ya kutumwa kila mahali.

Halafu angalia unapoketi. Mti wenye kivuli kizuri una wenyewe: wazee wanaocheza ntotoi, na mashimo ya bao hilo yalikuwapo kabla ya serikali ya kaunti. Kikundi cha kusoma hupewa mti wa pili kwa ubora, ambao kivuli chake hutembea. Ndiyo maana kikao huanza upande mmoja wa shina na kumalizikia upande wa pili, viti vya plastiki vikiburutwa kila baada ya kurasa tatu. Hata kivulini pia kuna mpango. Wasamburu wa rika la Lmooli, waliotahiriwa kuanzia 1990, hawatakaa chini ya wale wa rika la Lkishami, wa 2005, na wewe uliyekuja na shahada yako hujulikani ni wa rika gani. Utaulizwa mwaka uliotahiriwa, kwa sauti, mbele ya watu. Ukiwa mwanamke utaulizwa watoto wangapi. Jibu upesi, tuendelee.

Sasa kikundi chenyewe. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, na watu kumi wakikutana nchi hii hawawezi kukaa bila mwenyekiti. Utakuta mwenyekiti, makamu wake, katibu, naibu katibu, mweka hazina, mshauri wa kikundi ambaye ni mzee, mshauri wa pili ambaye ni mzee wa ukoo mwingine ili pasiwe na maneno, na msimamizi wa nidhamu anayetoza faini. Idadi ya vyeo huikaribia sana idadi ya wanachama. Atakayebaki bila cheo ni wewe mgeni, na kwa sababu hiyo utakabidhiwa kitabu ukisome.

Usishangae ukigundua kwamba baadhi yao hawakuja kwa ajili ya kitabu. Yupo aliyesikia kwamba kikundi chenye cheti kinaweza kuomba mkopo wa Uwezo Fund, na anasubiri kwa uvumilivu hadithi iishe ili mambo yaanze. Yupo aliyezoea semina za mashirika na atakuuliza kwa upole kama fomu ya kusaini imeletwa, na kama kuna nauli ya kurudi. Yupo mama aliyekuja kwa ajili ya mchango wa mzunguko, zamu yake ni mwezi ujao, na hatakosa kikao hata kimoja mpaka hapo. Usiwadharau. Mimi naamini hawa ndio wasikilizaji bora, kwa kuwa hawakuja kuonekana wamesoma. Yule wa fomu, akishajua kwamba fomu haipo na haitakuja, hubaki kwa sababu anataka kujua mhalifu alikamatwa au la.

Kuna faini, lakini za kuchelewa hazipo, kwa kuwa hakuna mwenye hakika kikao kilianza lini. Unatozwa ukimkatiza mtu aliyesimama na fimbo yake anasema. Utatozwa mara nyingi.

Kitabu ni kimoja. Narudia, kwa sababu najua umebeba orodha ya vitabu sita na unafikiri kila mtu atanunua chake. Tangu sheria ya VAT ya 2013 kitabu Kenya hutozwa kodi ya asilimia 16, na hata bila kodi hiyo, ukitaja bei ya riwaya hapa watu huigeuza papo hapo kuwa sehemu ya mbuzi. Hiyo ni paja. Hiyo nyingine ni paja na ubavu. Mtu atakuuliza kwa nia njema kabisa kama kitabu kikishasomwa kinaweza kuuzwa tena kwa bei ileile, maana mbuzi hata ukikaa naye mwaka mzima huzaa. Huna jibu. Usijaribu kumwambia kwamba kitabu nacho huzaa fikra. Nimeonya.

Utauliza kuhusu maktaba. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, na kaunti ina mambo mengi mikononi. Habari njema kaskazini ni ya zamani kidogo: mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa, KNLS, lilianza kupakia vitabu juu ya ngamia Garissa, masanduku huku na huku ya nundu, na kuvipeleka kwa watu ambao gari haliwafikii. Ulimwengu mzima ulilipenda jambo hilo, hadi mwandishi mmoja wa Marekani, Masha Hamilton, akalitungia riwaya mwaka 2007. Ukilisimulia Oldonyiro usitegemee mshangao. Wanaofuga ngamia watakuuliza masanduku yalifungwaje ili yasimchubue, na mnyama alilipwa nini.

Basi kitabu ni kimoja na masikio ni mengi. Hapa inakupasa uache kujihurumia, maana hili si jambo la umaskini peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Caitaani Mũtharabainĩ mwaka 1980, riwaya aliyoianza kuiandika kwenye karatasi za choo katika gereza la Kamiti, ilisomwa namna hiyohiyo Kenya ya kati. Familia zilikusanyika jioni, anayejua kusoma akawasomea wengine. Ikafika hadi kwenye baa. Ngũgĩ mwenyewe alieleza jinsi msomaji wa baa alivyokuwa akifika mahali patamu, akanyamaza, akatazama glasi yake tupu, mpaka wasikilizaji wakaijaza. Viwanda vya sigara vya Kuba navyo vilikuwa na wasomaji wao, wakilipwa na wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo ukikabidhiwa kitabu, jua umepewa kazi yenye ujira. Kwa hapa ujira ni chai ya maziwa, na fundi wa kazi hiyo hujua pa kunyamaza. Usinyamaze mwanzo wa sura. Nyamaza pale mlango unapogongwa usiku.

Lakini sukari ya chai hiyo ni ya nani? Ya mgeni. Sukari na majani ya chai, na tumbaku kidogo kwa ajili ya wazee. Ukija na mandazi, hesabu vizuri: morani wa Kisamburu anayeshika desturi hali chakula mbele ya wanawake walioolewa, hivyo sahani itakapopita utaona theluthi moja ya wanafasihi wako inainuka kwenda kuangalia kama mbuzi wako salama. Mbuzi wako salama. Watarudi. Usiendelee kusoma wakiwa huko, la sivyo utasoma ukurasa huo mara mbili.

Msomaji akishasoma sentensi kwa Kiswahili, mkalimani mmoja huipeleka kwa Kisamburu na mwingine kwa Kiturkana. Sentensi ya maneno kumi hurudi ina maneno mia, kwa sababu mkalimani anayejiheshimu hawezi kumtaja ng'ombe bila kusema ni wa rangi gani na pembe zake zimekaaje. Kitabu kikinyamaza kuhusu rangi, yeye ataipanga. Baada ya miezi mitatu ya kikao, ng'ombe wa riwaya watakuwa wanajulikana mmoja mmoja. Usithubutu kusema, "Hilo halimo kitabuni." Watu watamtazama mkalimani, watakutazama wewe, kisha watakuuliza kitabu kimeficha nini kingine.

Pia yupo mkaguzi. Hana cheo, hakuchaguliwa, na huenda hajui kusoma hata herufi. Hukaa nyuma kwenye kigoda chake, macho nusu yamefumba. Siku utakayoruka ukurasa kwa sababu umechoka, yeye ndiye atakayeinua kidole na kuuliza yule binti aliyekuwa kisimani amefikaje mjini bila kuaga. Mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alisema alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Kila kikundi kina Maruge wake, mtu ambaye kwa miaka mingi amesomewa na wengine, barua, hukumu, risiti za mnada, na amejifunza kusikia pale sauti ya msomaji inapokwepa. Kando yake utamkuta kijana aliyepita shule za jioni za wachungaji, zile ziitwazo lchekuti huko Samburu, ambako mwanafunzi hufika mifugo ikishaingia bomani. Aliyejifunza herufi kwa mwanga wa taa baada ya kuchunga kutwa nzima hana subira na mtu wa shahada anayesoma kwa kuvutavuta.

Sasa tufike kwenye mtego mkubwa, ambao karibu kila mwalimu mpya huingia mwenyewe bila kusukumwa. Atafikiri hivi: hawa ni wafugaji, basi niwaletee kitabu cha wanyama. Atachukua Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967, ya kile kitabu cha George Orwell cha 1945. Atajiandaa kueleza mapinduzi ya Urusi. Ameandika hata majina pembeni: huyu ni Stalin, huyu ni Trotsky.

Stalin hatafikiwa siku hiyo. Hadithi inaanza na mwenye shamba aliyelewa akalala bila kuiangalia mifugo yake vizuri, na hapo hapo mzee wa kwanza atasimama na fimbo. Majirani walikuwa wapi? Wenzake wa rika? Mtu ambaye mifugo yake inalala na njaa huitwa na wazee siku nyingi kabla mifugo haijaitisha mkutano wake. Kwa hiyo kesi ya kwanza ni ya majirani, na itasikilizwa mpaka kivuli kihame. Usiharakishe. Utakuwa unasikia jambo ambalo Orwell hakuliweka, kwamba shamba lile lilikuwa limezungukwa na watu, na hakuna aliyekuja kugonga mlango mpaka mali ilipopotea.

Kisha nguruwe. Wengi hapa hawajamchunga, na Mwislamu aliyepo ataomba kwa adabu atajwe kwa kifupi. Utasema sawa. Utasonga mbele hadi mahali ng'ombe wanapolia kwa viwele kujaa, na nguruwe wakaleta ndoo wakawakamua. Simama hapo, weka kitabu chini, kwa sababu hutasikika tena kwa muda. Nguruwe kumkamua ng'ombe! Kwa kwato! Wanawake watacheka mpaka waegemeane. Halafu mmoja atafuta machozi na kuuliza swali la fundi: ndama alikuwa wapi? Ng'ombe wa huku hateremshi maziwa mpaka ndama amguse. Huna jibu. Sema ng'ombe wa Ulaya wana tabia nyingine. Hawatakuamini.

Ila kicheko kitakatika ghafla ukisoma kinachofuata. Wanyama wanakwenda kuvuna, wanarudi jioni, na maziwa hayapo. Ndoo tano. Hapo mwandishi hasemi yamekwenda wapi, anaendelea na mambo yake. Wewe uliyesoma kitabu hiki kidato cha pili ulikipita kifungu hicho bila kugeuka nyuma, ukawa unangoja vita. Huku kwa Wasamburu maziwa ni ya mama. Yeye ndiye anayekamua na kugawa, anajua kibuyu kipi ni cha mtoto yupi na kipi ni cha mgeni ambaye bado hajafika, na maziwa yasiyojulikana yaliko ni kesi kubwa kuliko bendera na wimbo. Watakataa usiendelee. Nani alibaki nyumbani? Nguruwe. Nani alisema tusijali kuhusu maziwa? Nguruwe. Basi hadithi imekwisha, atasema yule mama wa mchango wa mzunguko, yaliyobaki ni kuhesabu hasara. Mtu akiwaahidi uhuru halafu maziwa yakapotea siku ya kwanza, mtangoja nini tena?

Ukipata nafasi siku nyingine, soma barua za Orwell. Alimwandikia Dwight Macdonald mwaka 1946 kwamba mahali hadithi inapogeuka ni pale nguruwe walipojiwekea maziwa na matufaha. Wahakiki wengi wa vyuo walihitaji kuambiwa na mwandishi mwenyewe. Sikuambii haya ili umkimbilie yule mama na habari njema kwamba Mwingereza amekubaliana naye. Hatashangaa, na utaonekana ulikuwa na shaka.

Punda atawachukua kikao kizima peke yake. Kitabuni punda anajua kusoma vizuri sawa na nguruwe, lakini hasomi, anasema hakuna kinachostahili kusomwa. Oldonyiro punda amebeba maji tangu alfajiri, kwa hiyo watu watamwelewa kabla hujamaliza sentensi. Wapo watakaomsifu: mtu aliyechoka aachwe. Wapo watakaomshitaki, kwa sababu aliyajua maandishi ya ukutani yakibadilishwa na akanyamaza, na siku aliyofungua mdomo gari lilikuwa limeshamchukua farasi. Hapa mwenyekiti atakugeukia wewe, mwenye kujua kusoma, akuulize una maoni gani. Chagua maneno.

Na huyo farasi usimlilie haraka. Utadhani kuuzwa kwa mnyama mzee kwa wachinjaji kutawagusa wote, kumbe mfugaji yeyote mwenye akili huuza kabla mnyama hajafa, na soko liko palepale ng'ambo ya barabara. Watauliza aliuzwa shilingi ngapi. Ila tazama Waturkana watu wazima walioketi pembeni. Mwanamume wa Kiturkana huwa na dume lake analolipenda, humwimbia, na jina la dume hilo huwa jina lake mwenyewe mbele ya wenzake. Kwa mtu kama huyo kuuza dume ili kununua pombe, kama nguruwe walivyomfanyia farasi, ni jambo lisilo na jina. Hatasema kitu. Mkalimani wa Kiturkana naye atasoma uso wake, na kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe tafsiri itakuwa fupi kuliko sentensi.

Ukitaka kupumzika baada ya hayo, peleka Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Mwalimu hudhani ni kitabu kigumu, nchi inayoelea angani, lugha ya zamani. Hapa kitapokewa vizuri, kwa kuwa ni kesi. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, anapewa siku sita za kujitetea, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa upande mmoja wa ulimwengu na kurudi kuadhibiwa. Wazee wataridhika na utaratibu. Lawama yao itakuwa moja tu, kwamba siku sita ni chache, na kwamba mshitakiwa aliachwa aseme peke yake bila watu wa ukoo wake kusikika. Wapo watakaotaka Majivuno, mshitaki wake, alipe faini ya ng'ombe. Idadi ya ng'ombe hao itajadiliwa, na yule msimamizi wa nidhamu atakuwa na mapendekezo.

Kuhusu ratiba sina mengi. Kikao hufungwa jua likiwa bado juu, kwa sababu ya tembo njiani. Siku ya mnada hakuna kikao, ingawa watu wote wapo. Mvua kubwa ikinyesha laga hujaa na katibu hubaki ng'ambo na daftari. Mvua ikikataa ni mbaya zaidi. Katika ule ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa kaskazini mwa Kenya, na kikundi chochote cha wafugaji katika hali hiyo hubaki na wazee, kina mama, watoto wadogo na wenye mishahara. Wengine wamefuata malisho. Kitabu nacho huenda kimefuata malisho, ndani ya mkoba wa kijana aliyekiazima usiku mmoja tu. Usiandike barua ya kukidai. Kitarudi kimepoteza jalada, kimepata harufu ya moshi, na yule kijana atakuwa anakijua kwa moyo, pamoja na rangi za ng'ombe.

Kujitoa hakuwezekani. Ukihamishwa, utaagwa kwa mbuzi na utabaki kwenye orodha, na mweka hazina atakuwa na namba yako ya M-Pesa.

Linabaki suala la kitabu kijacho, ambalo huletwa kwenye mengineyo watu wakiwa wameshasimama. Wazee watataka Kusadikika isomwe tena, safari hii hukumu itolewe sawasawa. Morani watataka kitabu cha magonjwa ya ngamia. Kina mama wamesikia kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, na hilo limewatosha. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono, kina mama watashinda, na wewe utatumwa Isiolo kukinunua, nauli juu yako. Duka la vitabu la kwanza litakuwa na daftari na rula. La pili litakuwa na vitabu vya mitihani ya KCSE. La tatu muuzaji atatafuta chini ya meza kwa muda mrefu, atainuka anatabasamu, na kukupa mwongozo wa riwaya fulani ya mtihani, ule wenye muhtasari, dhamira, sifa za wahusika na maswali ya marudio, bila riwaya yenyewe. Utaununua kwa kuwa huwezi kurudi mikono mitupu. Mtausoma chini ya mti, sifa za mhusika mmoja baada ya mwingine, mkalimani akiwajazia waume na mifugo, mpaka mkaguzi atakapoinua kidole na kuuliza watu hawa walifanya nini hasa. Katibu ataandika kwenye kumbukumbu kwamba kitabu kimepatikana, ila hadithi yake bado iko Isiolo.